Omer Hapiti Njia ya Kulipia

Kila Februari bei za barabara zikipanda, Omer Delattre huingia saluni kwangu na gazeti kwapani, hata kama hana unywele wa kukata. Huvuta kiti cha dirishani, akalikunjua gazeti magotini, akaanza. Wezi wale. Wanyonyaji. Barabara baba zetu walishailipia, leo tunalipishwa tena, na mwenye gari-nyumba ndiye anayekamuliwa kuliko wote, eti kwa sababu anatembea na kitanda chake. Wateja wangu wakiwa na dawa kichwani hawana pa kukimbilia, basi humsikiliza. Mwishowe mmoja atamwuliza kama kahawa anayokunywa ameilipia, na wote watacheka isipokuwa yeye.

Mimi naitwa Josette. Saluni yangu ndiyo pekee iliyobaki kijijini, huku kwetu kaskazini, karibu na mji wa Saint-Omer, na mdomo ninao, sikatai. Nyumba yangu na ya Omer zinagawana ukuta. Nikikohoa anasikia, akiangusha sufuria nasikia. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuambiwa na wapita njia.

Kwanza hilo gari. Omer alipostaafu kiwanda cha glasi, yeye na mkewe Mauricette walikusanya akiba yao wakanunua gari-nyumba kwa Mwingereza mmoja aliyeshuka bandarini Calais akiwa ameshachoka kusafiri. Walilipata kwa bei ya kutupa, na sababu ilionekana waziwazi: usukani uko kulia, kama magari yote ya Waingereza. Kwetu dereva hukaa kushoto, na vibanda vya tozo viko kushoto. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeliona hilo kabla ya kutoa pesa. Omer aliliona siku ya kwanza walipoingia barabara ya kulipia, alipofika kwenye mashine ya tiketi akakuta iko upande wa mkewe. Mauricette alicheka hadi machozi. Akashusha kioo, akachomoa tiketi, akamwambia mumewe atazame mbele, mambo ya fedha amwachie yeye.

Ikawa hivyo miaka yote. Mauricette ndiye aliyechomoa tiketi, ndiye aliyelipa, ndiye aliyejua bei. Enzi zile bado mlikuwa na watu ndani ya vibanda, na alikuwa akiwapa peremende na kuwauliza habari za watoto wao huku foleni nyuma inapiga honi. Watu walipoondolewa zikawekwa mashine tupu, akaendelea kuzisalimia vilevile. Omer yeye alishika usukani tu. Ndiyo maana nasema, na niko tayari kula kiapo: Mauricette alipokuwa hai sikumsikia Omer hata siku moja akilalamikia tozo. Hakujua ni kiasi gani.

Na haikuwa kidogo. Mauricette alikuwa na kipindi chake cha maswali na majibu kwenye televisheni, kila siku adhuhuri, na hakukubali kukikosa hata akiwa porini. Wakafunga dishi juu ya paa. Dishi likalipandisha gari likapita mita tatu, na ukipita mita tatu vibanda vinakuhesabu pamoja na malori. Wenzao wa magari-nyumba waliwasihi waling'oe. Mauricette akajibu kwamba yeye ni mke wa dereva wa lori na hana aibu. Dishi liko pale hadi leo, ingawa televisheni yenyewe Omer haiwashi.

Mauricette alifariki mwezi wa Novemba, miaka michache iliyopita. Moyo ulimsimama akiwa anakunja mashuka, na mimi ndiye niliyesikia Omer akiita ukutani. Hawakujaliwa watoto. Tulimzika siku ya mvua, watu wachache, halafu Omer akarudi nyumbani akafunga mlango, na kwa muda mrefu nilichosikia upande wa pili ni maji ya bomba tu.

Majira ya kuchipua yalipofika akatoka peke yake na gari kwenda kumwona dada yake kusini. Yaliyompata njiani alinieleza mara moja tu, akiwa amenipa kisogo kwenye kiti cha kunyolewa, na hakurudia tena. Alifika kwenye kibanda cha kwanza, akasimama sawasawa pale anaposimama siku zote, kioo cha kushoto mkabala na mashine. Akatazama mbele kama alivyozoea. Akangoja kizuizi kinyanyuke. Nyuma wakaanza kupiga honi, naye akasema kwa sauti, "Vipi, Mauricette, imekwama?" Ndipo alipogeuka akakiona kiti. Ilibidi ashuke, azunguke mbele ya gari, atafute kadi mfukoni huku jitu moja la lori linamtukana mama yake. Alipofika kwenye njia ya kwanza ya kutokea akatoka, na tangu siku hiyo akawa mtu wa barabara za kawaida, zile za kupita katikati ya miji na mizunguko na matrekta.

Tangu hapo ndipo zilipoanza hizi kelele za bei. Watu wanadhani ni ubahili. Nami naona afadhali wadhani hivyo, maana mwanamume wa rika lake akisema anakwepa njia kuu kwa sababu ya bei, wenzake watampigia makofi, lakini akisema anaogopa kiti kitupu, watainama watazame viatu vyao. Nilimwambia anunue kile kidude cha kubandika kwenye kioo, kinachofungua kizuizi chenyewe bila mtu kunyoosha mkono. Akasema hawezi kuwapa wezi namba ya akaunti yake. Nilimwambia aliuze gari. Akauliza nani atanunua gari la Mwingereza. Haambiliki yule.

Sasa huyo dada. Anaitwa Léone, amemzidi Omer miaka saba, na yeye ndiye aliyemlea. Mama yao alikuwa kiwandani kuanzia alfajiri, kwa hiyo Léone ndiye aliyemwosha, aliyemfunga kamba za viatu, aliyempeleka shule akimkokota na kumfinya. Baadaye akaolewa na mtu wa reli, wakahamia kusini, huko karibu na mji wa Béziers, mume akafa, na uzee ukamfikisha kwenye nyumba ya wazee. Omer alikuwa akienda mara mbili kwa mwaka. Léone ndiye binadamu wa mwisho aliyemjua Omer akiwa amevaa kaptula. Mimi nimemjua akiwa tayari na mvi.

Oktoba iliyopita wakapiga simu kutoka kule. Ni binti mmoja anaitwa Coralie, ndiye anayemhudumia Léone, mwenye roho nzuri na asiyezungukazunguka. Akamwambia Omer kwamba akili ya dada yake inazima kama taa yenye waya mbovu. Wahudumu wote ameshawasahau. Jina la marehemu mume wake limemtoka. Omer bado anamtaja, tena kila siku, anauliza yuko wapi. Lakini daktari haoni kama hali hiyo itafika mwisho wa wiki ijayo. Kama anataka dada yake amtambue, aje sasa.

Omer alikuja saluni bila gazeti. Kulikuwa na mteja mmoja tu, nikampeleka kwenye sinki nikamwacha na taulo kichwani. Omer alinieleza yote akiwa amesimama. Nikamwambia vizuri, leo ni Ijumaa, ingia barabara ya kulipia kesho alfajiri, lala njiani mara moja, Jumapili mchana unakula na dada yako. Akaanza. Wamepandisha tena, siyo Februari tu, na kwa kimo cha gari lake ni yuro mia na kitu kwenda tu, bila kurudi, na…

Nikamkata. Nilimwambia nafunga saluni, nakwenda naye, nitakaa kushoto, nitachomoa tiketi, nitalipa kwa pochi yangu mwenyewe, na yeye ashike usukani kama zamani.

"Ahsante, Josette," akasema. "Kile kiti kina mtu wake."

"Mtu wake yuko makaburini, Omer. Dada yako bado anapumua."

Niliyasema hivyohivyo, mkasi mkononi, na yule mteja kwenye sinki akajifanya hajasikia. Omer alichukua kofia yake akatoka, na Jumamosi asubuhi nilipofungua dirisha gari halikuwepo. Treni sikuitaja kwa sababu sikutaka kupoteza pumzi. Watu wa magari-nyumba ukiwapandisha treni ni kama konokono umemvua gamba.

Jioni ile akanipigia, kabla sijaketi kula. Alikuwa amepita njia za kawaida kutwa nzima, yuko mahali fulani karibu na Chartres, ameegesha kando ya uwanja wa mpira wa kijiji, bure. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusifiwa kwa hilo. Sikumsifu. Alinieleza kwamba alikwama nyuma ya matrekta ya bitiruti, msimu ndio huu, na kwamba alikutana na magari-nyumba mengi yakirudi kutoka likizo.

Hapo lazima niseme kitu. Watu hawa wana desturi yao: magari-nyumba mawili yakipishana barabarani, madereva hupungiana mkono, wawe wanajuana au la. Ukikosa kupunga unaonekana huna adabu. Lakini ukipishana na Omer, unatupa jicho pale dereva anapotakiwa kuwa, kushoto, na hapo hapana mtu. Zamani Mauricette ndiye aliyekuwa akipunga, kwa mikono yote miwili. Sasa wale wa mbele wananyanyua mkono, wanaona kiti kitupu, wanaushusha. Omer ananyanyua wake kule kulia, wameshapita. Aliniambia siku ile alipungiwa sana, na kwamba mwishowe aliacha kuitikia kwa sababu aliona anachosha mkono bure.

Jumapili jioni alikuwa kusini kidogo ya Bourges, kwenye maegesho ya kando ya mfereji, na majirani walikuwa mume na mke kutoka upande wa Uswisi. Unajua wanavyofanya, jioni ikifika wanatoa meza na viti nje, chupa na karanga, na yeyote aliye karibu anaitwa. Walimwita. Alikaa nao, akanywa, wakazungumzia bei za barabara, na hapo Omer lazima alikuwa kama samaki majini. Halafu yule mwanamke, bila ubaya wowote, akamwuliza mbona mama hatoki, na akalitazama lile gari.

Omer akawaambia amelala, safari imemchosha.

Yule mwanamke akampa karanga kwenye sahani ndogo ampelekee atakapoamka. Omer alizipokea. Aliniambia haya kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenisomea habari za hali ya hewa. Nikamwuliza kama amezila. Akasema ziko mezani.

Jumatatu ndipo alipofanya lile kosa la mwaka. Alikuwa ameanza kupanda kwenye milima ya katikati ya nchi, karibu na Clermont, amechoka, giza linaanza kuingia, akaona mji mdogo una uwanja mpana mbele ya kanisa, tupu kabisa, na maji ya bomba pembeni. Akaegesha katikati kama mfalme. Kwenye nguzo palikuwa na kibao, na kibao kilisema kila kitu, lakini Mauricette ndiye aliyekuwa akisoma vibao. Omer alivuta pazia akalala.

Jumanne alfajiri akaamshwa na vyuma. Akafungua pazia akakutana jicho kwa jicho na samaki. Ilikuwa siku ya gulio. Mbele yake muuza samaki, nyuma yake muuza soseji, kulia mabanda ya mboga, kushoto mwanamke wa jibini ambaye alikuwa ameshafunga kamba ya turubai lake kwenye kioo cha gari la Omer kwa sababu kilikuwa mahali pazuri. Omer akatoka na pajama, akaomba. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hakuna kutoka, mzee, mpaka saa saba gulio livunjwe, hata meya akija hutoki. Kila mwaka wanampata mmoja wa aina yake, wakamwambia, na kwa kawaida huwa Mholanzi.

Siyo watu wabaya. Mwanamke wa jibini alimkatia kipande kikubwa na akamletea mkate. Lakini Omer alinipigia saa nne asubuhi, nikiwa na kichwa cha mtu mikononi, na sauti yake haikuwa ile ya juzi.

"Josette, nimefungiwa humu," akasema. "Léone ananiuliza na mimi nimefungiwa katikati ya samaki."

Nilimtuliza. Nilimwambia kutoka hapo alipo hadi kwa dada yake siyo mbali. Akitoka saa saba aikamate ile barabara kuu ya kutoka Clermont kwenda kusini, ambayo watu wote wa magari-nyumba wanaijua na kuipenda kwa sababu ni ya bure, hakuna tiketi hakuna mashine, mpaka chini kabisa. Akasema anajua. Nikamwambia atafika jioni hiyohiyo. Daraja hatukulitaja, ingawa wote wawili tulikuwa tunalijua.

Barabara ile ni bure yote isipokuwa mahali pamoja. Pale Millau kuna daraja refu la kuvuka bonde, na mbele ya daraja kuna vibanda. Ni malipo ya mara moja, dakika moja, unavuka juu ya mawingu. Anayekataa kulipa anashuka bondeni kwa kona, anapita mjini Millau, anapanda tena upande wa pili. Wenye magari-nyumba wengi hushuka, wanaona wamelikomoa daraja.

Kabla hajaondoka gulioni nilimpigia Coralie mimi mwenyewe. Akaniambia leo ni siku nzuri, bibi ameamka na akili safi, anamtaja Omer tangu asubuhi, na ameambiwa anakuja. Wanakula chakula cha jioni mapema kule, lakini yeye Coralie atabaki hata zamu yake ikiisha ili amweke macho. Nilimfikishia Omer neno kwa neno. Alisema, "Nakuja." Nilisikia injini ikiwashwa.

Saa kumi na moja jioni simu ikalia. Alikuwa amesimama kwenye maegesho ya mwisho kabla ya daraja. Analiona, akasema. Vibanda anaviona pia, na foleni siyo kubwa.

Nikamwambia, "Sikiliza, Omer. Ni kibanda kimoja. Simama, washa taa za tahadhari, shuka, zunguka, lipa, rudi garini. Wakipiga honi waache wapige, wewe siyo wa kwanza kupigiwa honi. Saa moja kasorobo uko kwa Léone."

"Ndiyo," akasema.

"Nenda sasa. Usikate simu kama hutaki, iache kitini."

"Nitapita, Josette. Nakata, nitapita."

Nilikaa na simu mezani mbele ya supu yangu. Saa moja ikafika, sikupigiwa, nikajua yuko na dada yake, nikafurahi peke yangu jikoni. Nilifurahi sana, hata nikajimiminia glasi ya mvinyo. Saa mbili usiku akapiga. Alikuwa Millau mjini, kando ya mto.

Alikuwa ameingia kwenye foleni. Magari mawili tu yalikuwa mbele yake. Akalitazama lile la kwanza linavyosimama, mkono unatoka kioo cha kushoto, kizuizi kinanyanyuka. Akatazama la pili. Halafu, kabla vizuizi vya zege havijambana, akakata kona kulia, akapita juu ya mistari iliyokatazwa, akashuka kwa njia ya bondeni huku watu wanampigia honi vilevile. Chini kulikuwa na ujenzi wa barabara, mji mzima umesimama. Alipofika upande wa pili wa mto alikuwa anaona barabara mbili mbili kwa uchovu, akaegesha.

Jamani, nilimtolea uvivu. Maneno niliyomwambia siyaandiki. Aliyasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia bei ya daraja nayo wameipandisha, na akakata simu.

Alifika Jumatano kabla ya saa sita mchana. Coralie alimpokea mlangoni. Hakumlaumu, Omer aliniapia hivyo, alimshika mkono tu. Akamwambia jana jioni Léone alikataa kulala. Aliomba avalishwe koti, akakaa kwenye kiti cha sebuleni, kila mlango ukifunguka anauliza, "Ni Omer?" Walimbembeleza mpaka saa tatu. Asubuhi hii alipoamka aliuliza pale ni wapi, na Coralie alipomtajia Omer, alitabasamu kwa adabu.

Omer akaenda chumbani. Alikuwa amechana nywele garini na kuvaa tai. Léone alikuwa dirishani, koti begani, mikono imekunjwa. Akageuka akamtazama juu mpaka chini, akamkaribisha vizuri sana kama anavyokaribishwa mtu wa bima.

"Karibu, Bwana. Keti, keti. Mimi namngoja mdogo wangu."

Omer aliketi. Alikuwa amejiandaa kwa kilio au kwa kelele, hakujiandaa kwa adabu. Akamwuliza mdogo wake anatoka wapi.

"Kaskazini, Bwana. Ana gari lenye kitanda. Mtu mwingine angefika zamani, lakini yule hapiti njia ya kulipia. Mbishi. Tangu mtoto yuko hivyo, ukimvuta huku anakwenda kule." Akacheka kidogo, akalainisha sketi yake magotini. "Lakini anakuja. Yule hawezi kuniacha."

"Hawezi," Omer akasema.

Wakakaa. Léone alimsimulia habari za huyo mdogo wake: alivyokuwa akiogopa bata bukini, alivyokataa kuingia shule siku ya kwanza hadi akachaniwa shati, alivyomwoa msichana mcheshi kweli, jina limemtoka. Omer akamtajia jina. Léone akasema ndiyo, ndiye huyo, na Bwana amemjuaje? Omer akasema watu wa kaskazini wanajuana. Kila gari lilipoingia uani, Léone alinyanyua mkono kumnyamazisha, akasikiliza, halafu akaendelea.

Coralie alipoleta supu, Léone alimwona Omer bado amekaa pale na kofia mapajani, na akamhurumia.

"Bwana umenikalia muda mrefu, ahsante, lakini sasa nenda nyumbani," akamwambia. "Usiwaweke watu wako roho juu. Watakuwa wanakungoja mezani."

Omer akasimama, akamwinamia, akatoka. Alinipigia akiwa garini, uani pale, mchana ule. Nilikuwa katikati ya kumkata nywele mke wa fundi bomba. Alinisimulia yote haya bila kusita, chumba, koti, bata bukini, kila kitu, na alipofika kwenye neno hilo la mwisho akalirudia. "Ameniambia nirudi kwa watu wangu, Josette."

Nikamwuliza kama amekula. Akasema bado, kuna jibini limebaki, na zile karanga. Nikamwambia ale.